Gurudumu la Nyuma Kushoto

1

Gari namba sita lilipiga goti mbele ya Mhandisi Mgaya kama bi harusi anayemwamkia mama mkwe. Liliingia getini likitokea barabara ya majaribio, likapunguza mwendo, likatoa mlio mmoja mkavu, na kona yake ya nyuma kushoto ikashuka mpaka bampa ikalala kwenye changarawe. Dereva akatoka mzima, kofia mkononi, akatuambia kwamba yeye hajafanya kitu. Tulimwamini. Lilikuwa gari la nne ndani ya siku tisa, na madereva wote wanne hawakuwa wamefanya kitu. Ila huyu aliongeza jambo: siku hizi gari lina utamu fulani, mpaka anajikuta anaimba peke yake njiani.

Mhandisi Mgaya, mama asiyecheka ovyo, hakupendezwa na habari za kuimba. Alichuchumaa, akachungulia uvunguni, akasimama, akakung'uta magoti. Kisha akanitazama mimi.

Mimi pale Uwanja wa Majaribio wa Makambako ni mchunguzi wa vipuri vilivyovunjika. Mama yangu huwaambia watu kanisani kwamba mwanawe Lusungu ni daktari. Si uongo mtupu. Wagonjwa wangu ni wa chuma, na wote hunifikia wakiwa wameshakata roho.

"Nyuma kushoto tena," nikasema.

"Macho ninayo, Lusungu. Nataka kujua kwa nini."

Ilikuwa haki yake kutaka. Magari manne tofauti, barabara ile ile ya vumbi iliyojikunja kama bati la paa, na springi iliyokatika ilikuwa ile ile kila mara. Na hizi si zile springi bubu ambazo babu zetu walifunga kwenye malori ya viazi. Ni springi sikivu. Ndani ya chuma chake mnapita nyuzi nyembamba kuliko unywele, zinazohisi barabara na kukariri kila shimo. Kwenye kila kiti kuna kipimo cha raha, ambacho husikiliza moyo wako, pumzi yako na unavyokaa, kisha huonyesha namba kwenye dashibodi, sifuri mpaka kumi. Springi ina kazi moja tu duniani: kuipandisha namba hiyo. Hujaribu hivi, hujaribu vile, ikipatia inakariri.

Na haikariri peke yake. Magari yakirudi kuchaji bandani, springi hupashana kupitia waya yote ziliyojifunza mchana. Kwenye vitabu vya Mhandisi hiyo inaitwa ulinganishaji wa kumbukumbu. Sisi wengine tunaita umbea. Tuta jipya likiota Ilembula asubuhi, jioni springi zote za magari yote kumi na mawili zinalijua, na nadhani zinalisengenya.

Mhandisi alikuwa ameshapata mtu wa kumshuku. Springi zote zilifuliwa na fundi mmoja, Mama Ndelwa, mwenye tanuru nyuma ya soko. Huenda, alisema, chuma kilipozwa vibaya kwenye mafuta kikawa kigumu lakini chepesi kuvunjika, kama biskuti. Kamati ilitaka ripoti kesho yake saa sita mchana. Ripoti ikisema kosa ni la ufuaji, jina la Mama Ndelwa linafutwa kwenye orodha ya wafuaji, tanuru linazimwa, na springi zitaagizwa kutoka ng'ambo.

"Na bila ripoti, Safari ya Kwanza haiondoki," akamalizia.

Hapo akawa amenigusa penyewe. Safari ya Kwanza ndiyo siku magari yetu yangebeba watu wa kawaida kwa mara ya kwanza, kutoka Makambako mpaka ziwani Mbamba Bay. Pikapu namba mbili ingetangulia mbele ya msafara, na dereva wa namba mbili alikuwa mimi. Nilishawatangazia ndugu wote, wakiwemo wa Mbozi ambao hawakuuliza.

2

Chuma kikikatika kwa mkupuo, pale kilipokatika huwa na chengachenga kama sukari guru. Kikifa kwa uchovu, huacha mistari: kila kinapopinda na kuumia kidogo, mstari mmoja, kama miviringo ya gogo. Na kwa kuwa barabara haina adabu, mistari hiyo huwa shaghalabaghala.

Niliweka springi ya namba sita chini ya hadubini. Mistari ilikuwepo, kwa hiyo ni uchovu. Lakini haikuwa shaghalabaghala. Mstari mpana, mstari mpana, mitatu iliyobanana, kisha nafasi tupu. Halafu tena vile vile. Nikaleta springi ya pili, ya tatu, ya nne. Vile vile. Nikafuta kioo cha hadubini kwa shati, nikaangalia upya, nikaanza kulilaumu shati.

Hapo Mama Ndelwa akaingia bila kuitwa. Yeye hupata habari za uwanja wetu kabla ya Mhandisi. Alikuwa na aproni ya ngozi, kilemba, na mikono ambayo ukisalimiana nayo unahesabu vidole vyako baadaye.

"Kamwene, daktari wa maiti."

"Kamwene, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Wangapi leo?"

"Wanne."

"Poleni na msiba," akasema, akavuta kiti.

Nilimweleza kuhusu ile biskuti ya Mhandisi, nikitafuta maneno laini, na hakuna maneno laini ya kumwambia fundi wa miaka thelathini kwamba hajui kupoza chuma. Hakukasirika. Alitazama kwenye hadubini, akaonekana kutoiamini, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya mkato, taratibu, kama anayepapasa shingo ya mtoto mwenye homa. Akaniambia kwamba chuma kilichopozwa vibaya hufa siku ya kwanza, tena chote pamoja. Hiki kimekufa polepole na kwa mpangilio. Kisha akachukua nyundo yangu ndogo akaanza kugonga meza akifuata mistari. Nzito, nzito, tatu za haraka, kimya. Nzito, nzito, tatu za haraka, kimya.

"Huyu hakuchoshwa na barabara, mwanangu," akasema. "Huyu alikuwa anacheza."

Nilicheka. Nilikuwa bado nacheka nilipogundua kwamba mguu wangu, chini ya meza, unafuata ule mdundo. Mguu ulikumbuka kabla ya kichwa. Kichwa kilipofika, nikaacha kucheka.

Wiki tatu kabla ya siku hiyo dada yangu Vumilia aliolewa. Asubuhi ya harusi, pikapu ya kubebea bendi ya matarumbeta iligoma kuwaka, na harusi ya kwetu isiyo na matarumbeta mbele ya gari la bi harusi ni kama msafara wa mazishi uliovaa vizuri. Dada alilia, poda ikachora mifereji. Mimi nikaja uwanjani, nikachukua namba mbili, na kwenye daftari la getini nikaandika: jaribio la mzigo mchanganyiko. Mzigo ulikuwa wanaume tisa wenye tarumbeta na Kibasa, mpiga ngoma kubwa, ambaye peke yake ni wanaume watatu. Kibasa alisimama kona ya nyuma kushoto. Kuanzia kanisani mpaka ukumbini, mwendo wa kobe, kwenye lami, bendi ilirukaruka mule nyuma, akina mama wakacheza wakiizunguka, nami kwenye usukani nikapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Kipimo cha raha kilisimama kwenye kumi kwa saa mbili nzima. Kabla ya siku hiyo hakikuwahi kufika kumi. Hatukuwa na uhakika hata kama hiyo kumi inafanya kazi.

Nikairudisha namba mbili, nikaiosha, nikaichomeka kwenye chaji pamoja na wenzake. Tangu hapo haikutoka tena, ilikuwa inapigwa rangi kwa ajili ya Safari. Lakini umbea ulishatoka. Springi ya nyuma kushoto iliwaambia wenzake kumi na moja siri iliyoitafuta maisha yake yote: mkitaka binadamu afurahi, rukeni hivi.

Kwa hiyo kila dereva alipochoka na kipimo kikashuka, springi ilimpa harusi. Kidogo tu, chini chini, ndiyo utamu wenyewe. Kwenye lami isingekuwa neno. Kwenye ile barabara ya mikunjo, mdundo wa njia na mdundo wa Kibasa ulikutana ukawa mmoja, kila mruko ukaukuza mwenzake, mpaka chuma kikasalimu amri.

"Mdundo huu nimewahi kuusikia," Mama Ndelwa akasema, akirudisha nyundo mezani. "Sikumbuki wapi."

Nikamwambia kwamba hata mimi sikumbuki. Huo ndio ulikuwa uongo wangu wa kwanza siku hiyo, na ulitoka laini, kama umepakwa grisi.

3

Niliandika ripoti tatu.

Ya kwanza ilisema kosa ni la chuma. Ilikuwa nzuri, yenye michoro. Nilipofika kwenye jina la mfuaji, kalamu ikawa nzito, nikaiweka kando.

Ya pili ilisema kosa ni la barabara. Hii niliipenda sana. Barabara haina watoto, haina tanuru, haitakuja kunisalimia kamwene. Tatizo ni kwamba springi za kulia zilipita barabara hiyo hiyo na zilikuwa nzima kabisa, na Mhandisi Mgaya, kama alivyosema, macho anayo.

Ya tatu ilikuwa na sentensi moja. Nikaikunja nikaitia mfukoni.

Asubuhi nilikwenda kwa Mama Ndelwa. Nilijiambia naenda kuchukua sampuli ya mafuta ya kupozea. Nilimkuta kwenye tanuru anavuta springi nyekundu kama pilipili iliyoiva, anaigeuza kwenye fuawe, huku akiisimulia habari za mtaani kama mtu anayemsuka mwenzake. Aliizamisha kwenye mafuta, moshi ukapanda, akaisikiliza. Kweli aliisikiliza, sikio likiwa limeelekea kwenye pipa, mpaka ilipoacha kulia. Ndipo akaitoa.

Nilimuuliza kama ana wasiwasi na ripoti.

"Kwani wewe ndiye unayeandika?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi sina." Akafuta jasho. "Ukiona chuma changu kina kosa, andika. Usinionee haya. Wewe umesomea."

Nilisomea kweli. Nilimaliza kidato cha sita na tuzo ya fizikia, na pale mbele ya pipa la mafuta sikuweza kukumbuka hata somo moja linalomfundisha mtu aseme nini baada ya hapo. Nikaaga. Sampuli ya mafuta nikaisahau.

Njiani nilijitetea kama wakili. Springi zenyewe ndizo zilizosengenya. Dada alikuwa analia. Hakuna aliyeumia. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililoweza kuwasha tena tanuru likizimwa.

4

Saa sita kasorobo Mhandisi Mgaya alikuwa uwanjani na faili lake kifuani. Inafaa mjue jambo kuhusu Mhandisi. Katika miezi yote kumi na minne ya majaribio, kipimo cha raha hakikuwahi kuzidi tatu akiwa kitini. Madereva walikuwa wakilizungumzia kama rekodi ya michezo.

Nilimwomba, kabla hajasoma ripoti, akae kwenye namba mbili.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nikieleza kwa mdomo tu, utanifukuza kabla sijafika mwisho."

Akapanda. Kipimo kikawaka: mbili. Nikavuta breki ya mkono, nikaifungulia springi kufuli lililowekwa wakati wa kupaka rangi, nikarudi nyuma hatua tatu. Mwanzoni kimya. Springi ilikuwa inamsoma. Mbili, ilijiambia bila shaka, huyu mama ana shida. Kisha kona ya nyuma kushoto ikainuka, ikashuka. Nzito. Nzito. Tatu za haraka.

Pikapu ikaanza kucheza.

Ilicheza pale pale iliposimama, ikikata kiuno upande mmoja kama shangazi aliyevua viatu. Faili likamteleza Mhandisi. Kipimo kikasoma nne. Akashika mlango. Sita. Madereva walioacha chakula chao walitazama juu, chini, popote isipokuwa kwake.

"Lusungu, hii ni nini?" akauliza kwa sauti ya kamati, lakini dashibodi ikasema nane.

"Ni harusi ya dada yangu, Mhandisi."

Nikamwambia yote. Daftari la getini, matarumbeta, Kibasa na kona yake, umbea, barabara ya mikunjo. Sikutia utani hata mmoja, na mwilini nilihisi kama navuliwa nguo. Nikamwambia kwamba chuma cha Mama Ndelwa hakina doa, tena kingekuwa kibovu kisingecheza siku nyingi hivyo bila kukatika. Nilipomaliza, kipimo kilikuwa kimeporomoka mpaka moja, na springi, maskini, ikazidi kujitahidi.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu jana saa tisa alasiri."

"Na tangu jana saa tisa ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naandika ripoti zisizo za kweli."

Alikuwa anatazama nyuma yangu. Nikageuka, na Mama Ndelwa alikuwa amesimama getini bila aproni. Alikuwa amevaa kitenge cha zambarau chenye maua ya njano. Nilikijua kitenge kile. Nilikichagua mimi mwenyewe na Dada Vumilia, kilikuwa sare ya upande wetu.

"Nilikaa meza ya tatu," akasema. "Karibu na keki."

"Kwa hiyo jana uliukumbuka ule mdundo."

"Nilicheza nyuma ya gari hilo mpaka soli ikabanduka, nitausahauje? Nilikupa mpaka saa sita."

"Na kama ningenyamaza?"

"Ningekuja na kitenge hiki hiki," akasema, "ila nisingekuwa natabasamu."

Mhandisi alishuka kwenye pikapu, akaokota karatasi zake moja moja. Alisema kitaratibu springi zote zifutwe kumbukumbu, maana harusi imeshajisokota na kila kitu kingine zilichojifunza; ukiiondoa hiyo, unaondoa miezi kumi na minne. Mama Ndelwa akamuuliza zinafutwa kwa kosa gani. Mhandisi akaiangalia ile kona ya pikapu iliyokuwa bado inamrukia kwa bidii, ikimtafutia furaha kwa akili yake yote ndogo.

"Tuliziambia ziwafurahishe watu," akasema mwishowe. "Hatukuziambia zijitunze. Hilo ni letu, hazifutwi." Akanigeukia. "Hili jingine ni lako. Safari ya Kwanza huendeshi. Na miezi sita kila alasiri uko kwenye tanuru la Mama Ndelwa, utafua hizo springi nne kwa mikono yako."

Niliitikia ndiyo. Iliuma, siwezi kuficha. Nilianza kuhesabu kichwani ndugu wa kuwapigia simu, nikianza na wa Mbozi.

5

Springi haisomi barua. Inajua kitu kimoja, kipimo, kwa hiyo ilibidi tuifundishe kwa kipimo. Mpango ulikuwa rahisi kwenye karatasi. Breki ya mkono ikivutwa, bendi inapiga, walio ndani wanafurahi, springi inacheza. Breki ikiachiwa na gari likianza kwenda, springi ikithubutu kucheza, walio ndani wananuna, namba inashuka. Rudia mpaka ikariri: cheza ukisimama, tulia ukienda.

Kufurahi kulikuwa kazi nyepesi. Kibasa alikuja na wenzake, na kufikia siku ya pili wapishi walikuwa wanapakua wakicheza. Kununa ndiko kulikotushinda. Tuliweka dereva wa namba sita kitini, gari likatoka likirukaruka, akacheka. Tukamweka mlinzi, akacheka. Mimi nilijaribu kuwaza mambo ya huzuni, nikawaza Safari nisiyokwenda, lakini springi ikaona inafaa kunifariji, nikacheka mpaka machozi.

Ilibidi tumwite Mhandisi Mgaya.

Alikaa. Gari likaenda. Springi ikathubutu, na kipimo kikasoma moja, imara kama kimegandishwa kwa gundi. Tulizunguka uwanja mara arobaini. Springi ikajaribu, ikapunguza, ikaacha. Siku ya nne, namba mbili ilipita barabara ya mikunjo yote imetulia kama maji mtungini, na jioni, bandani, umbea mpya ukapita kwenye waya. Madereva walimpigia Mhandisi makofi. Yeye akasema alikuwa anafanya kazi yake tu.

Fomu ya mwisho nilimpelekea mwenyewe. Kwenye nafasi ya chanzo cha hitilafu nilikuwa nimebandika ile ripoti yangu ya tatu, ya sentensi moja, ikiwa bado na mikunjo ya mfukoni: Nilichukua namba mbili bila ruhusa, nikaifundisha harusi. Aliisoma mara mbili, akachukua kalamu, akasahihisha koma, akatia saini.

Asubuhi ya Safari nilisimama getini na wanaouaga msafara, masizi mpaka kwenye nyusi, maana siku hiyo nilianzia tanurini. Namba mbili ilikuwa mbele, nyeupe kabisa, na kwenye usukani alikaa Mama Ndelwa. Mhandisi alisema fundi aende akaone chuma chake kinavyoishi. Pembeni yake alikaa Mhandisi mwenyewe, faili kifuani.

Walifika getini, Mama Ndelwa akasimamisha gari ili mlinzi aandike kwenye daftari. Akavuta breki ya mkono, akanikonyeza. Namba ikaanza kupanda kwenye dashibodi. Niliona tatu, nikaona tano. Mhandisi Mgaya akaniona naona. Akachukua faili akakifunika kipimo, akatazama mbele, uso umekauka kama wa siku ya mitihani.

Lakini nyuma kushoto hapakuwa na faili. Nzito, nzito, tatu za haraka. Mlinzi alisema alishindwa kuandika kwa sababu gari lilikuwa linatingishika mno, na mimi nilisimama pale na masizi yangu nikicheza hadi breki ikaachiwa, pikapu ikatulia, na msafara ukaondoka taratibu kuelekea ziwani.